Medali ya Miaka Mia ya Reli ya Baltimore, na Jinsi Nilivyojifunza Kuisoma

Injini iliyochongwa kwenye medali yangu haikuwahi kukanyaga reli mwaka 1830 kwa umbo linaloonekana pale. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niipende zaidi medali hiyo, na ndilo lililonifundisha kukitazama kwa makini kila kitu cha shaba kinachodai kukumbuka jambo, kiwe cha reli, cha vita au cha uhuru.

Medali yenyewe ni ya shaba, kipenyo chake kama milimita 70, nzito kiganjani kuliko unavyotarajia. Ilitolewa mwaka 1927 na kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio, ambayo Wamarekani huiita B&O kwa kifupi, kuadhimisha miaka mia tangu jimbo la Maryland liipe hati ya kuanzishwa, tarehe 28 Februari 1827. Aliyeichonga ni Hans Schuler, mchongaji wa Baltimore ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha jiji hilo. Upande mmoja kuna injini kubwa ya mvuke ya zama zake ikija kwa kishindo, na juu yake umbo la binadamu linaruka angani. Upande wa pili kuna kijiinjini kidogo chenye boila lililosimama wima. Jina lake Tom Thumb.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa boila katika karakana za Nairobi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nasi tuliishi kwenye landi za Muthurwa, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako king'ora cha karakana ndicho kilichopanga siku ya kila mtu, hata ya wasiofanya kazi reli. Sasa naishi Baltimore na kazi yangu ni kuuguza wazee. Huku kuna desturi iliyonishangaza nilipokuja: mzee akifariki, au akihamia nyumba ya kutunzia wazee, watoto hufungua milango Jumamosi na kuuza kila kilichomo ndani, kuanzia sahani mpaka misumari. Ukipita kwenye nyumba hizo unaona maisha ya mtu yamepangwa mezani, kila kipande na bei yake. Katika nyumba mojawapo, ya mtu aliyekuwa mfanyakazi wa reli, nilikuta medali hii ndani ya kisanduku cha vifungo. Binti wa marehemu aliniambia hakuna yeyote katika ukoo anayeitaka. Bei haikuwa kubwa. Nililipa.

Kabla sijatoka mlangoni, mzee mmoja aliyekuwa akichambua sarafu pembeni alinishika mkono. "Mama, usiisugue," aliniambia. Kisha akanipa, palepale, somo ambalo nimelitegemea tangu siku hiyo.

Alinieleza kwamba ile rangi ya kahawia ya medali ya shaba si uchafu. Kiwandani, medali ikishapigwa chapa hupakwa dawa ili uso wake upate rangi hiyo, halafu hewa na miaka huikomaza. Ukiichukua na unga wa kung'arishia ukaisugua mpaka iwake, unakuwa umeondoa ngozi yake ya juu, na pamoja nayo zile kingo nyembamba za michoro zinazoshika kivuli. Hairudi tena. Ishike kwa ukingo, si kwa uso, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole inaweza kujichora kwenye shaba milele. Usiiweke kwenye vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka, maana plastiki ya aina hiyo hutoa majimaji yanayoleta ukungu wa kijani. Hata sanduku la mbao za mwaloni, linaloonekana la heshima, hutoa mvuke wenye asidi. Karatasi isiyo na asidi na mahali pakavu vinatosha. Mambo haya nimeyapitisha kwa watu wengi wa kwetu wanaotunza nishani za baba na babu zao, hasa za waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ambazo nyingi ziko ndani ya soksi na makopo.

Mzee yule alinifundisha pia kutofautisha medali iliyopigwa chapa na nakala iliyomiminwa. Chuma au shaba iliyoyeyushwa ikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala iliyomiminwa kutoka kwenye medali halisi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na herufi zake huwa zimefifia pembeni, na mara nyingine uso una vitundu vidogo vidogo. Angalia ukingoni kwanza, akasema, halafu ndani ya herufi, halafu ndipo uangalie picha. Wengi wetu tunaanza na picha, na picha ndiyo inayotudanganya.

Nilitaka kujua kitu kama hicho hutengenezwaje. Enzi za Schuler, mchongaji hakuchonga moja kwa moja kwenye kipande kidogo. Aliumba mchoro kwa udongo, mkubwa mara nyingi zaidi ya medali, akaumiminia plasta, akarekebisha, na ukatolewa kielelezo kigumu. Kielelezo hicho kiliwekwa kwenye mashine yenye mkono mrefu: ncha moja inapapasa polepole juu ya kielelezo kikubwa, na ncha nyingine, upande wa pili, inakata umbo lilelile kwa udogo kwenye chuma. Chuma hicho kikishakomazwa kwa moto ndicho kinachokuwa chapa. Kisha kipande cha shaba kinawekwa kati ya chapa mbili na kugandamizwa kwa nguvu kubwa. Kwa mchoro wenye kina, pigo moja halitoshi, kwa sababu shaba hukakamaa ikipigwa. Inabidi itolewe, ipashwe moto ilainike, ipoe, irudishwe, ipigwe tena. Nilipomsimulia baba kwa simu, hakushangaa hata kidogo. "Shaba ndiyo tabia yake," alisema. "Hata mabomba ya boila tulikuwa tunayapasha kwanza ndipo tuyakunje."

Sasa nirudi kwa Tom Thumb, maana hapo ndipo pana utamu.

Mwaka 1825 mfereji wa Erie ulifunguliwa, na biashara ya bara la ndani ikaanza kumiminika New York. Wafanyabiashara wa Baltimore waliona bandari yao inakauka. Hawakuwa na mto wa kuwapitisha milimani, wakaamua kujenga reli kuelekea mto Ohio, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijaribu Marekani kwa umbali huo. Tarehe 4 Julai 1828 jiwe la kwanza liliwekwa na Charles Carroll, mzee wa miaka 90, mtu pekee aliyekuwa bado hai kati ya waliotia saini Azimio la Uhuru. Tarehe 24 Mei 1830 sehemu ya kwanza ilifunguliwa, kilomita 21 hivi mpaka Ellicott's Mills. Mabehewa yalivutwa na farasi.

Peter Cooper, aliyekuwa na mali katika ardhi ya Baltimore na alijua reli ikishindwa ardhi yake itashuka thamani, aliunda injini ndogo, ndiyo Tom Thumb, kuwaonyesha wakurugenzi wa reli kwamba mvuke unaweza kupita kwenye kona kali za njia ile. Hakupata mabomba ya boila, akatumia mitutu ya bunduki. Mwishoni mwa Agosti 1830 aliwapakia wakurugenzi, akawapeleka mpaka Ellicott's Mills. Kisha kuna ile hadithi ambayo watoto wa Marekani husimuliwa shuleni: farasi wa kijivu alishindana na injini, injini ikampita, halafu mkanda uliozungusha feni ya kupulizia moto ukachomoka, mvuke ukapungua, farasi akashinda.

Nilimsimulia baba hadithi hiyo nikitegemea atacheka. Badala yake aliniuliza maswali. Feni ya nini? Kwa nini asitumie mvuke uliokwisha kufanya kazi? Akanieleza, kwa saa nzima, jambo ambalo nilikuwa nimeishi nalo utotoni bila kulifahamu. Katika injini za kwao, mvuke ukishasukuma pistoni hauachwi upotee. Huelekezwa juu, ndani ya bomba la moshi, na kwa kutoka kwa kasi huvuta hewa kupita kwenye makaa. Ndiyo ile sauti ya chu-chu-chu. Injini ikikaza mwendo, moto wenyewe unazidi kuwaka, bila feni wala mkanda. Nilienda kusoma nikakuta kweli: injini iitwayo Rocket, ya akina Stephenson, iliyoshinda mashindano ya injini ya Rainhill kule Uingereza mwezi Oktoba 1829, ilikuwa tayari na mpango huo. Cooper alipata upepo wake kwa mkanda, na mkanda ukamsaliti. Baba alitaka kujua pia nani alikuwa anachochea moto. Nilipomwambia kwamba, kwa mujibu wa simulizi, Cooper mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva na mchochea moto, na kwamba alijikata mikono akijaribu kuurudisha mkanda, alisema: "Huyo basi nampa heshima. Mwenye mali kukatwa na mashine yake mwenyewe, wangapi?"

Simulizi hiyo ya mbio, hata hivyo, inatoka hasa kwa John H. B. Latrobe, aliyekuwa mwanasheria wa kampuni, katika hotuba aliyoitoa mwaka 1868. Ni karibu miaka 40 baada ya tukio. Na injini yenyewe haikutunzwa. Ilikuwa ya majaribio tu, haikuingia katika kazi ya kila siku, ikabomolewa na vipande vyake kutumika kwingine. Hakuna mchoro wa vipimo uliobaki. Kampuni ilipotaka kuionyesha kwenye sherehe za 1927, ilibidi iunde nyingine, kwa kufuata kielelezo kilichobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Iliyotoka ni kubwa, nzito na ndefu kuliko ya Cooper, na hata feni haikuwekwa mahali pake pa asili. Injini hiyo iko mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la reli hapa Baltimore, imepakwa rangi nzuri, na ndiyo ambayo watu huipiga picha wakiamini wameiona ya 1830. Medali yangu ni ya sherehe ileile. Inakumbuka jinsi watu wa 1927 walivyoiwazia 1830.

Siioni kuwa aibu ya medali. Naiona kuwa taarifa. Medali ni hotuba ya mwenye sherehe: inasema kweli juu ya mwenye sherehe hata pale inapokosea juu ya anayesherehekewa. Na sherehe ile ilikuwa kubwa mno. Kuanzia Septemba 24 hadi Oktoba 15, 1927, huko Halethorpe kusini mwa jiji, zaidi ya watu milioni moja walikuja kutazama gwaride la mabehewa ya farasi, ya ng'ombe, injini za kale na za kisasa, na Wenyeji wa Amerika wa kabila la Blackfeet walioletwa kutoka Montana. Waingereza walileta injini yao mpya kabisa, King George V, ikazawadiwa kengele ambayo bado imefungwa mbele yake. Mabasi na magari yalikuwa yameshaanza kuzila reli. Ukiwa unajua hilo, ile injini kubwa na kiumbe anayeruka juu yake vinasomeka tofauti. Kampuni ilikuwa inajihakikishia mbele ya watu kwamba kesho nayo ni yake.

Baada ya hapo nilianza kwenda kwenye mahali penyewe, siku za mapumziko, na huu ndio ushauri ningempa yeyote aliye na kumbukumbu ya shaba ya kitu chochote: toka nayo nje. Daraja la Carrollton, lililokamilika mwaka 1829 juu ya kijito cha Gwynns Falls, bado linabeba treni za mizigo. Nimesimama chini ya tao lake treni ikipita, na mawe yaliyochongwa kwa mkono karibu miaka 200 iliyopita hayakutikisika hata kidogo. Stesheni ya Ellicott City, ndiyo ile Ellicott's Mills ya zamani, iliyojengwa 1830 na 1831 kwa mawe magumu, ni kongwe kuliko zote zilizobaki Marekani. Daraja la Thomas la mwaka 1835, lenye matao manane juu ya mto Patapsco, watu walilibeza kwamba litaanguka, nalo bado linafanya kazi. Ukiona mawe hayo unaelewa kwamba kazi ngumu kuliko zote ya reli ile haikuwa injini, ilikuwa kuchimba, kupasua na kupanga. Na waliofanya hivyo hawamo kwenye medali.

Wengi wao walikuwa Waayalandi maskini walioshuka melini na kwenda moja kwa moja kwenye machimbo. Carroll, ambaye daraja lina jina lake, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Maryland, na utajiri huo ulisimama juu ya mamia ya watumwa Waafrika aliowamiliki. Jiwe alilolizindua kwa koleo limewekwa ndani ya makumbusho. Huwa nasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko mbele ya Tom Thumb.

Kuna mambo mawili mengine ambayo siwezi kuishika medali hii bila kuyawaza. La kwanza ni la tarehe 3 Septemba 1838. Siku hiyo kijana mtumwa, Frederick Douglass, alidandia treni ya kampuni nyingine hapa hapa Baltimore, amevaa nguo za baharia na mfukoni ana hati za kuazima, akaenda kaskazini na kuwa huru. Reli ilikuwa na umri wa miaka michache tu, na tayari mtu mweusi alikuwa amegundua matumizi yake ambayo wenye hisa hawakuyapanga. La pili ni la Julai 1877. B&O ilikata mishahara kwa asilimia 10, ikiwa si mara ya kwanza kwa wafanyakazi kukatwa, na tarehe 16 wafanyakazi wa Martinsburg, West Virginia, wakagoma. Mgomo ukaenea nchi nzima. Tarehe 20 askari wa akiba walifyatua risasi katikati ya umati wakielekea stesheni ya Camden, Baltimore, wakaua watu wapatao 10. Jengo la stesheni hiyo bado lipo, kando ya uwanja wa mchezo wa besiboli, na watu hupita hapo na watoto wao wakila karanga. Kutoka 1877 mpaka sherehe za 1927 ni miaka 50. Wapo walioshuhudia yote mawili.

Mtu wa kwetu atasema, hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena kwa chuma halisi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipokwama kwa uhaba wa injini, zililetwa za Baldwin, zilizoundwa Philadelphia, mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipo. Na yale madaraja marefu 27 ya mteremko wa Mau yalijengwa na American Bridge Company. Ufundi uliokomaa kwenye milima ya Marekani ndio uliovuka Bonde la Ufa. Waliokuja kutoka India kuijenga reli ile walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Baba alifanya kazi na wajukuu wa waliobaki. Anaweza kukutajia majina yao, na nani alikuwa hodari kwa riveti, na nani alitambua nyufa za boila kwa kugonga nyundo na kusikiliza tu.

Majina hayo hayako kwenye shaba yoyote ninayoijua. Kwa hiyo siku hizi, kila nikimpigia, simu inarekodi, kwa idhini yake. Huanza na jambo dogo la ufundi, maana nimejifunza kwamba ukimwuliza mzee wa reli "maisha yalikuwaje" atakujibu "yalikuwa mazuri," lakini ukimwuliza injini ilikuwa inawashwa saa ngapi ili itoke asubuhi, atakupa maisha yote.

Medali yenyewe sasa imelala kwenye karatasi yake, droo ya juu, mbali na jikoni. Pamoja nayo nimeweka kadi niliyoiandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili siku moja ikiuzwa Jumamosi pamoja na sahani zangu, atakayeichukua ajue. Kadi inasema: iliyochorwa hapa ni injini iliyoundwa kwa ajili ya sherehe za 1927, si ya 1830. Inasema mchongaji alikuwa nani. Inawataja waliochimba njia, watumwa wa Carroll, Douglass, na waliouawa tarehe 20 Julai 1877. Inasema usiisugue. Nyuma ya kadi niliacha nafasi, na mwanangu, anayesomea uhandisi, ameanza kujaza hapo vipimo vya boila anavyosomewa na babu yake kwa simu, vingine katika inchi, vingine katika majina ya mafundi waliovipima.